Neno “clove” limetoka wapi, na lina udugu gani na karafuu yetu?

“Assalamu alaykum, mwalimu. Natembeza wageni mashamba ya viungo huku Kizimbani, Unguja. Tajiri wa shamba anataka tuweke kibao chini ya kila mti, kiwe na jina la Kiswahili, jina la Kiingereza na asili ya majina yote mawili. Kwenye mkarafuu ndipo tulipokwama. Kijitabu tulichopewa kwenye mafunzo kinasema ‘clove’ limetokana na neno la Kiingereza la kupasua, kwa sababu karafuu inatenganishwa na kikonyo chake. Mgeni mmoja, mwalimu wa Kilatini, alicheka akasema ni msumari. Mwengine, Mreno, akasema karafuu yetu ndiyo ‘cravo’ yao, tumeichukua kwao kama tulivyochukua meza. Na mzee wangu anasema ni neno la Kiarabu, basi. Nani mkweli? Sitaki niandike kibao halafu nichekwe. Na kitunguu thomu kinaingiaje hapa, maana Waingereza punje yake wanaiita ‘clove’ vile vile?”

Waalaykumu salamu warahmatullah. Umefanya vyema kuuliza kabla fundi hajachovya brashi, maana kibao kikishasimama, kosa lake linasomwa na kila mpita njia, na wewe ndiye utakayekuwa pembeni yake kila siku ukilitetea. Shida yako nimeielewa hivi: umepewa majibu manne na watu wanne, kila mmoja ana yakini yake, na wewe huna kipimo cha kuwapimia. Nitakupa jibu kwanza, kisha nikupe na kipimo, ili siku akija wa tano umpime mwenyewe.

Mwalimu wa Kilatini amesema kweli, ijapokuwa ameruka kituo kimoja njiani. Mzee wako naye amesema kweli, ila hiyo “basi” yake imekuja mapema mno. Kijitabu kimekosea. Mreno pia amekosea, lakini kosa lake ni lile ambalo hata msomi angelifanya, na mimi nalipenda kuliko la kijitabu.

Tuanze na kijitabu. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa “clove” na kutamkwa mamoja, kama sisi tulivyo na paa la nyumba na paa wa porini. La kwanza ndilo hilo la kitunguu thomu. Ni Kiingereza cha asili khasa, cha tangu Wafaransa hawajavuka bahari kuwatawala. Katika maandishi yao ya kale liliandikwa “clufu”, na nduguye ni kitenzi “cleave”, yaani kupasua. Kichwa cha thomu kinapasuka punje punje, ndiyo maana. Humo hamna Kilatini hata chembe. La pili ni la kiungo, na hili lina safari yake mbali kabisa. Aliyetunga kijitabu alifungua kamusi akashika la mwanzo aliloliona, halafu akalitafutia sababu.

Tatizo ni kuwa sababu aliyoipata ni tamu. Mtu yeyote aliyekaa usiku na jamaa zake kuchambua karafuu anaijua kazi ile: unashika kishada, unakisugua na kukisokota kwenye kiganja, karafuu zinadondoka jamvini upande huu, makonyo unayasukuma upande ule, na vidole vinabaki na harufu mpaka kesho yake. Ukimwambia mtu aliyekwishaifanya kazi hiyo kuwa jina la Kiingereza linatokana na kule kutenganisha, atatikisa kichwa akubali. Lakini jiulize jina limetungwa na nani. Halikutungwa na mchumaji. Ulaya karafuu ilifika kavu, imekwishachambuliwa, imo guniani, baada ya kupita mikono ya wafanyabiashara wengi. Kwa karne nyingi walioila hawakujua hata mti wake una sura gani. Hawakuona kishada, hawakuona kikonyo, hawakumwona mtu amekaa jamvini. Walichokiona ni hicho kijiti cheusi cheusi chenye kichwa. Jina lazima litokane na kitu ambacho mpaji jina alikiona.

Basi tuitazame kwa macho yao. Chukua karafuu moja kavu, nzima, uiweke kiganjani. Ina shina jembamba, si la mviringo sawasawa bali lina pembe pembe, linapungua kadiri linavyoshuka. Juu kuna meno manne yaliyotawanyika, na katikati ya meno hayo kuna kichwa kidogo cha duara: hayo ni majani ya ua ambalo halijachanua. (Likichanua tu, kama ujuavyo, thamani imekwenda.) Sasa usiilinganishe na msumari wa dukani uliotoka kiwandani, mwembamba na laini. Nenda kwa mafundi wa majahazi uombe kuuona msumari wa kufuliwa kwa nyundo: shina la pembe nne, ncha iliyochongoka, kichwa kipana kisicho sawa. Misumari ya Warumi ilikuwa ya namna hiyo, maana ilifuliwa na mhunzi mmoja mmoja. Warumi waliuita “clavus”. Watu wa Ufaransa, ambao lugha yao ni Kilatini kilichochakaa vinywani mwa watu, wakasema “clou”, na karafuu wakaiita “clou de girofle”: msumari wa girofle. Hilo neno la pili liweke kando kwanza, tutalirudia, kwa sababu ndilo lenye siri yote.

Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikakaa mezani na jikoni mwa wakubwa kwa karne kadhaa. Viungo vya bei kubwa viliingia na majina ya Kifaransa. Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14 utakuta watu wanaandika “clowes”. Herufi ya v inaonekana baadaye, mwishoni mwa karne ya 15. Hapa ndipo mwalimu wako wa Kilatini aliporuka kituo: anaona v katika “clavus”, anaona v katika “clove”, anadhani ni v moja iliyosafiri moja kwa moja. Siyo. Kifaransa kilikwishaidondosha. V ya “clove” imeokotwa Uingereza kwenyewe, na anayeshukiwa zaidi ni yule jirani wa kitunguu thomu, kwani katika Kiingereza cha zama hizo maneno haya mawili yalikuwa yakichanganywa mno. Kwa hiyo swali lako la thomu lina mashiko kuliko ulivyodhani. Neno la thomu silo lililozaa neno la karafuu, lakini limelivisha nguo yake. Na mtungaji wa kijitabu, maskini, amechanganya kitu ambacho Waingereza wenyewe walikichanganya zaidi ya miaka mia tano kabla yake.

Msumari si jambo la Walatini peke yao. Waspania wanasema “clavo”, neno lile lile la msumari wao. Waholanzi wanasema “kruidnagel”, msumari wa kiungo. Wajerumani wanasema “Nelke”, ambalo ukilifukua unakuta msumari mdogo. Wairani wanasema “mikhak”, na “mikh” kwao ni msumari. Wachina wanaiita “dingxiang”, na hiyo “ding” ni msumari pia, wa pili ni manukato. Wengine waliigana, wengine waliona wenyewe, maana umbo lipo wazi kwa kila mwenye macho. Ukiwa na wageni wa mataifa mbalimbali mbele yako, waulize wao kwao wanaitaje kabla hujawaambia kitu. Utapata misumari mitatu minne pale pale chini ya mti, na kazi yako itakuwa nusu.

Turudi kwenye “girofle”. Jina kamili la Kifaransa lilikuwa na vipande viwili, msumari na girofle, na Waingereza nao walianza kwa kulichukua zima. Kisha wakalikata. Wakabaki na msumari, wakatupa girofle. Neno ambalo ndilo jina la kitu chenyewe likatupwa, likabaki neno la umbo lake tu. Hicho kipande kilichotupwa ndicho chenye udugu na karafuu yetu. Sisi tumebaki na girofle, wao wamebaki na msumari. Kama kuna jambo moja katika jibu hili ningependa ulitie kichwani uliseme kwa mdomo wako mbele ya wageni, ni hilo.

Udugu wenyewe uko hivi. Girofle ya Wafaransa ni Kilatini “caryophyllum”, na Kilatini kiliipata kwa Wagiriki, “karyophyllon”. Plinio Mkubwa, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kuwa India kuna kitu kinachofanana na punje ya pilipili manga ila ni kikubwa zaidi na chepesi kuvunjika, kinaitwa caryophyllon, nacho kililetwa kwa ajili ya harufu yake. Ukilipasua neno la Kigiriki unapata “karyon”, kokwa, na “phyllon”, jani. Jani la kokwa! Karafuu si kokwa, wala si jani. Neno likiwa na maana isiyolingana na kitu chenyewe, mara nyingi ni dalili kuwa ni jina geni lililopindwa mpaka likafanana na maneno ya nyumbani. Sisi hatuwezi kuwacheka Wagiriki kwa hilo. Kitabu kimetoka Kiarabu, na hiyo “ki” ni sehemu ya neno lenyewe, lakini tumeigeuza kiambishi tukapata vitabu. Wenzetu wa bara walisoma kibao cha barabarani cha Kiingereza kinachosema “keep left”, wakapata kipilefti kimoja na vipilefti viwili. Waingereza nao ile “gilofre” (ndiyo girofle kwa matamshi yao) waliyoitupa kwenye karafuu waliibakisha kwenye maua ya bustanini yenye harufu kama ya karafuu, na kwa kuwa ni maua wakaipinda ikawa “gillyflower”, ua kabisa.

Waarabu wanasema “qaranful”. Linganisha na “karyophyllon” kwa sauti utaona hayawezi kuwa yamekutana kwa bahati. Wataalamu wamegawanyika juu ya nani amempa nani: wako wanaosema Kiarabu kimelipokea kutoka Kigiriki kupitia lugha za Sham, na wako wanaosema wote wawili wamelipokea kutoka India, kila mmoja akalikunja anavyojua. Mimi naelemea kwa hawa wa pili, kwa sababu ya hilo jani la kokwa, lakini kibao si mahali pa kubishania. La kutosha kwako ni kuwa qaranful katika Kiarabu ni ya kale sana. Imru’ul Qays, mshairi wa karne ya 6, kabla ya Uislamu, katika qasida yake maarufu anasifu harufu ya wanawake wawili kwa kuitaja qaranful iliyobebwa na upepo wa mashariki. Wakati huo mkarafuu haujasimama Unguja wala Pemba, na hautosimama kwa zaidi ya miaka elfu.

Sasa Mreno. Nimesema kosa lake nalipenda, na sababu ni hii: ana ushahidi. Wareno walitoza kodi Unguja tangu 1503, na hawakuondoka pwani hii mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipowatoka 1698. Walituachia meza, ambayo ni Kilatini “mensa”. Walituachia leso, ambayo inakwenda mpaka “linteum”, kitambaa cha kitani. Mvinyo ni “vinum”. Kwa hiyo Kilatini kimo ndani ya Kiswahili tangu zamani, na hakikungoja Waingereza. Na “cravo” yao kweli ni karafuu, na kweli ni “clavus”, ila l imegeuka r. K, r, v kwao. K, r, f kwetu. Nani asingeshawishika?

Hapa ndipo kipimo nilichokuahidi kinapofanya kazi. Usiulize maneno mawili yanafanana kiasi gani. Uliza: lugha ile inapopokea maneno kutoka lugha hii, sauti zake huwa zinafanyaje, na je, zimefanya hivyo hivyo hapa? V ya Kireno tulipoipata katika “vinho” tuliishika bila taabu, tukasema mvinyo. Hatukusema mfinyo. Basi “cravo” ingetupa karavo, au karavu. Hiyo f imetoka wapi? Na hizo u mbili za mwisho zimetoka wapi? Waulize wanaocheza karata barazani: turufu ni Kireno “trunfo”. Humo utaona mambo mawili. Kwanza, o ya mwisho ya Kireno inaweza kutupa u, lakini u moja tu. Pili, ile n iliyokuwa mbele ya f imepotea. Kiswahili hakikupenda n na f zikae pamoja, kikasema turufu, si turunfu. Na “trunfo” kwa jina lake la zamani ni “triumphus”, maandamano ya ushindi ya Warumi, ndilo lililowapa Waingereza “trump” ya karata. Kwa hiyo kama mgeni wako anataka neno la Kiswahili lenye ndugu wa Kilatini katika Kiingereza, mpe turufu, usimpe karafuu.

Ichukue qaranful uipitishe mlango huo huo. Q inakuwa k, kama ilivyokuwa katika kalamu. N iliyo mbele ya f inaanguka, kama katika turufu. F inabaki f. Mwisho unaongezwa irabu, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno limalizike kwa l kavu, unapata karafulu. Na l iliyo kati ya irabu mbili Kiswahili kimekwishaidondosha katika maneno mengi ya asili: sisi tunasema njaa, Malawi wanasema njala, sisi tunasema mguu, Waganda wanasema okugulu. Kwa rai yangu hapo ndipo zilipotoka u mbili za karafuu, zimebaki zimekaa pamoja baada ya l kuondoka katikati yao. Kila herufi imepata maelezo, na kila maelezo yana shahidi katika neno jengine. “Cravo” haina huo ushahidi. Ina sura tu.

Wageni wengi watakuuliza: basi neno lilikuja pamoja na mti? Hapo pana mtego. Safari ya neno na safari ya mti hazikuwa moja. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, Ternate na Tidore na vilivyo jirani yake. Waholanzi waliulinda kwa nguvu ili usitoke. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikisha miche kufikishwa Mauritius mwaka 1770, na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mti ukaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, akaushikia bango, mashamba yakaenea. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo mwenyewe. Hilo walisemalo Wapemba si majigambo. Lakini ona: mti ulitoka kwa wasema Kifaransa, wanaosema “girofle”, na sisi hatukuchukua girofle. Tulisema neno la Kiarabu. Usiseme kwamba hiyo peke yake inathibitisha neno ni la kale kwetu, maana wenye mashamba ya mwanzo wenyewe walikuwa Waarabu wa Oman. Inathibitisha tu kuwa mche na jina havikupanda chombo kimoja.

Uwaambie nini wageni, basi? Inategemea jua. Saa saba mchana, mgeni ameshika chupa ya maji tupu, sentensi moja inatosha: kwa Kiingereza jina lake maana yake ni msumari, tazama. Mwonyeshe karafuu kiganjani, umalize. Kundi lenye hamu liongezee habari ya kipande kilichotupwa. Habari ya f na l na u mbili waachie walimu na wanafunzi wa lugha, wengine watakukimbia. Na habari za Ugiriki na India nani wa kwanza, sema tu wataalamu wanabishana, usichague upande kwa ajili ya kumfurahisha mgeni wa Kigiriki aliye mbele yako. Bakhshishi haibadilishi historia ya neno.

Kijitabu usikiseme vibaya mbele ya wageni, wala usikibishie katikati ya mafunzo. Nenda kwa waliokiandika, kaa nao, waonyeshe kamusi kubwa ya Kiingereza yenye asili za maneno: “clove” limeingizwa mara mbili, na kila moja lina asili yake. Aghlabu watu wa mafunzo hupokea vizuri wakiendewa kwa utaratibu. Kama una mtihani wa leseni na swali hilo limo, ulizeni mapema wanataka jibu gani, msije mkapoteza alama kwa kuwa wakweli.

Kwa kibao chenyewe, haya niliyoyaandika hayatoshi peke yake. Kabla ya rangi, ipeleke rasimu BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakuangalie Kiswahili chake, au kwa walimu wa lugha wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Ukitaka kuandika qaranful kwa herufi za Kiarabu, mwite mtu anayeisoma lugha asimame na fundi pale pale, kwa sababu fundi wa rangi akiweka kaf badala ya qaf, kila mgeni wa Oman ataona. Na kama tajiri atataka mwaka wa mti kufika na jina la aliyeuleta, hilo si la mtu wa lugha. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uombe msaada wa wenyewe, maana masimulizi ya jambo hilo yanatofautiana.

Mimi ningeandika hivi: “Mkarafuu. Jina la kitaalamu: Syzygium aromaticum. Karafuu: kutoka Kiarabu, qaranful. Kiingereza: clove, kutoka Kifaransa clou, kutoka Kilatini clavus, maana yake msumari, kwa umbo lake.” Si zaidi. Mkiwa na kitabu cha zamani cha mimea kinachouita mti huu Eugenia caryophyllata, msishtuke, ni mti huo huo kwa jina la zamani, na hiyo caryophyllata mnamjua nduguye sasa.

Mtakapofika kwenye mvanila, niandikieni kabla ya kuandika kitu. Waspania waliliita tunda lile “vainilla”, ala ndogo, kama ala ya kisu, na hilo ndilo mliandike. Neno la Kilatini lililo nyuma ya hiyo ala nitawaambia wenyewe, kisha mtaona kwa nini halifai kubandikwa kibaoni mahali wanapopita watoto wa skuli.